Shafti Tuliyoizima kwa Haraka

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, mzee mmoja Mrundi, mhunzi huko kwao, alikuja karakanani kwangu Rusimbi kuomba kazi. Alitakiwa awe kambini, lakini alitaka kukaa karibu na ziwa. Mkewe alikuwa bado Kagunga, akisubiri boti.

Nilikuwa fundi wa miaka mingi, ila kupoza chuma nilijifunza kwake.

"Ukikizima ghafla majini kinakuwa kigumu, lakini kinakatika kama kioo," aliniambia. "Kirudishie moto mdogo, halafu kifukie kwenye majivu kipoe chenyewe mpaka kesho."

Alivunja vipande viwili nione ndani. Kilichopozwa polepole kilikuwa cha kijivu, chembe zake laini kama unga. Kile cha haraka kilimetameta kama chumvi ya Uvinza.

Asubuhi moja mwenye boti wa Bangwe, aliyekuwa akichukua watu Kagunga, alituletea shafti ya propela iliyokatika. Alikuja na abiria wake mmoja, na huyo ndiye aliyempa mzee habari: mkeo anaharisha, hawezi hata kusimama.

Tulichonga shafti mpya kutoka kwenye ekseli ya lori, tukaichoma, tukaizima majini. Nikaanza kukusanya majivu.

"Acha. Iko tayari."

"Mzee, si wewe uliyenifundisha?"

"Najua nilichokufundisha. Mke wangu anakufa."

Nikayaacha majivu. Karakana ilikuwa yangu, ningeweza kukataa. Tukaifunga shafti, na alasiri mzee akaondoka na ile boti.

Shafti ilikatika kabla ya nusu ya safari. Walielea siku tatu, mpaka wavuvi walipowakuta na kuwavuta hadi Kagunga. Mkewe alikuwa amezikwa jana yake.

Aliporudi alinipa kipande cha shafti kilichobaki. Pale kilipokatikia paling'aa, chembe kubwakubwa, hata mtoto angeziona.

"Tungengoja siku moja tu, ningemkuta hai," alisema.

Kesho yake alijipeleka mwenyewe kwenye lori la kambini.

Baada ya wiki kadhaa nilimfuata kumwomba arudi kazini. Nilimkuta ameketi nje ya hema, mikono mapajani.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. Nilikaa naye mpaka jua likawa kali, nikaiacha sukari niliyombebea mlangoni pa hema, nikaondoka. Sikumwona tena.