Nakala Saba za Mama Pacha

Mama Pacha hakuwahi kuzaa pacha. Alizaa mtoto mmoja tu, binti, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kwake, lakini jina lilishamganda na hata mumewe alilitumia. Lilitokana na tabia yake ya kutoamini kitu chochote kilicho peke yake. Ufunguo wa mlango wake ulikuwa na ndugu wawili, mmoja kwa mama mkwe na mwingine kwa jirani. Mkobani alibeba miavuli miwili, na miwani ya kusomea alikuwa nazo nne, ingawa siku akizitafuta haionekani hata moja. Wakimcheka, huwajibu: "Akiba haiozi. Nionyesheni iliyooza niitupe."

Tabia hiyo ndiyo iliyompatia riziki. Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wapima ardhi. Siku moja kompyuta kubwa ya ofisi ilizima na ikagoma kuwaka, na wakubwa wakashika vichwa, maana ramani na barua za miaka mitatu zilikuwa zimekwenda na maji. Mama Pacha akafungua mkoba, akatoa diski kumi na moja zilizofungwa kwa mpira wa nywele, akaziweka mezani.

"Zote zimo," akasema. "Mpaka zile barua mlizotukanana."

Mafundi walioitwa kutengeneza ile kompyuta walimpenda, naye akajifunza kwao, kwanza kwa kutazama, halafu kwa kushika bisibisi. Ofisi ilipopunguza watu, hakulia. Alikodi chumba kimoja kwenye mtaa wa washonaji, akaweka meza ndefu, feni na kabati la droo ishirini, akaanza kutengeneza kompyuta za watu. Sakafu ilitetemeka mchana kutwa kwa sababu ya cherehani za majirani, hata skrubu zilitembea mezani zenyewe kama siafu.

Mtaani pale, karibu kila duka lilikuwa na programu iitwayo Mkasi. Mshonaji aliingiza vipimo vya mteja, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nayo ikamchorea vipande vyote vya nguo, akavichapa kwenye karatasi na kukata kitambaa bila kubahatisha. Iliuzwa kwenye diski ndani ya kasha la buluu. Ubavuni mwa kasha palikuwa na namba ndefu, na nyuma yake namba ya simu pamoja na maneno haya: "Imeandikwa kwa ajili ya washonaji na mtu aliyelelewa na mshonaji."

Vumbi la nyuzi halikuwa na huruma na diski. Kwa hiyo kila mshonaji aliyenunua Mkasi aliipeleka kwa Mama Pacha amtolee nakala ya akiba, isije ile ya kwanza ikafa. Hilo lilikuwa halali, na yeye alilijua, kwa sababu alikuwa mtu pekee mtaani aliyesoma yale maandishi madogo ya ndani ya kasha. Wengi hawakuzichukua hizo nakala. "Kaa nazo wewe," walimwambia, "kwangu watoto watazifanya vioo." Zikajaa droo tatu, kila moja na jina la mwenyewe.

Mambo yalianza na Mzee wa Suti. Alikuwa ameshona suti kwa miaka arobaini, na sasa mwanawe alikuwa amemwita akaishi naye mji mwingine. Aliuza kompyuta yake ya dukani pamoja na diski ya Mkasi kwa Mama Sare, mwanamke mwenye watoto wadogo aliyeshona sare za shule. Siku ya kuagana, Mzee wa Suti alishika mikono ya kila mtu, akashukuru, akajifuta macho, akaketi juu ya diski. Kra! Vipande vitatu.

Mama Sare aliinama, akaviokota.

"Usihofu, binti yangu," Mzee akamwambia, akiinuka taratibu. "Mama Pacha ana pacha wake. Nenda kamwambie mimi nimekuruhusu."

Mama Pacha alifungua droo, akatoa nakala ya Mzee, akamuuzia Mama Sare kwa bei ya kirafiki. Alipoiona ile programu ikifunguka na Mama Sare akipiga vigelegele, moyo wake ulijaa. Alijihisi kama mkunga.

Habari njema haina breki. Wiki ile ile alikuja mshonaji mwingine ambaye diski yake ilipasuliwa na joto. Akamuuzia nakala. Wa tatu diski yake ilikuwa imeliwa na mashine. Wa nne alisema yake ilipotea, ingawa alionekana kama mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Wa tano hakujisumbua hata kudanganya. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa ametoa nakala saba, na kwa kuwa maswali mlangoni yalikuwa mengi, akaandika bango kwa herufi kubwa nyekundu: NAKALA ZA AKIBA ZA MKASI ZINAUZWA HAPA. PIGA HODI.

Aliyepiga hodi asubuhi iliyofuata alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, karani wa mahakama. Alisimama kizingitini, mkoba kwapani, akalisoma bango kwa sauti kama anayesoma mashtaka.

"Wifi," akasema, "hili bango umeandika wewe, au umeandikiwa na adui yako?"

"Ingia ndani kwanza. Hata salamu hujatoa."

"Salamu nitakuletea rumande. Nani kakuruhusu kuuza?"

Mama Pacha akaweka bisibisi chini. Aliijua sauti hiyo. "Nakala ya akiba ni halali, wifi. Imeandikwa kwenye kasha. Nikusomee?"

"Nisomee."

Akavaa miwani, akasoma: mwenye programu anaruhusiwa kutoa nakala moja ya akiba kwa matumizi yake mwenyewe.

"Rudia neno la mwisho."

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mama Sare?"

"Mama Sare kanunua kwa Mzee wa Suti! Mzee kauza mali yake, kosa liko wapi? Diski imevunjika, mimi nimemsaidia."

Wifi alivuta kiti, akaketi. "Sikiliza. Mzee anaweza kumpa mtu diski yake aliyoinunua, na haki yake ya kuitumia ikaenda nayo, yeye akabaki mikono mitupu. Hilo halina ugomvi. Lakini nakala ya akiba haina miguu ya kwenda sokoni. Ilizaliwa imlinde mwenyewe tu. Diski ikivunjika, Mama Sare amwendee aliyeandika programu, si wewe. Wewe hukuitunga, hukupewa ruhusa ya kuigawa, umeshika tu droo."

"Maneno ya mahakamani hayo. Mzee hana tena programu. Mmoja katoka, mmoja kaingia. Nani kaumia?"

"Nakuwekea dau," wifi akasema. "Nikishindwa, nakuja kufua mapazia ya nyumba yako yote. Ukishindwa, unafua yangu."

"Nimekubali. Na sabuni ulete mwenyewe."

Hawakuwa wameachana mikono simu ya mezani ilipolia. Alikuwa Mzee wa Suti, anapiga kutoka kwa mwanawe, amefurahi kama mtoto. Sauti yake ilikuwa kubwa hata wifi akaisikia bila kuinama.

"Mama Pacha! Nilisahau kukushukuru! Ile Mkasi uliyoniwekea kwenye kompyuta ndogo inachapa kazi huku vizuri sana! Nimeshapata wateja watatu!"

Mama Pacha alimwitikia, akamsalimia, akakata simu. Wifi aliinua vidole viwili, akavitazama kimoja kimoja, kisha akaenda zake kazini.

Siku nzima Mama Pacha hakugusa bisibisi. Alikuwa ameisahau kabisa ile kompyuta ndogo aliyomwekea Mzee Mkasi zamani, akajiambia mmoja katoka, mmoja kaingia. Kumbe wote wawili wako ndani na mlango umefunguliwa na yeye. Tena hao ni wawili tu, kuna wengine sita. Akalibandua bango. Akachukua kasha la buluu, akaligeuza, akaisoma tena ile sentensi ya nyuma. Miaka yote aliisoma kama tangazo. Leo aliiona ni ya mtu.

Mumewe alimshauri anyamaze. "Nani atajua?"

"Mimi najua, dada yako anajua, na sasa wewe unajua. Tumeshakuwa umati."

Kesho yake alipiga ile namba, akaelekezwa, akapanda basi mpaka ng'ambo ya mji. Aliyemfungulia mlango alikuwa bibi mwembamba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Chumbani mwake kulikuwa na kompyuta, karatasi za miraba mpaka chini ya kiti, na kiwiliwili cha mbao cha kupimia nguo, hakina kichwa, kimevishwa sweta.

"Karibu. Umekuja kwa Mkasi?"

"Nimekuja kwa kosa," Mama Pacha akajibu, na kabla ya kukaa vizuri akalimwaga lote: Mzee, Mama Sare, droo, bango, hata herufi nyekundu.

Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ngapi?"

"Saba."

"Saba," Mwalimu akarudia. "Mama yangu alikuwa mshonaji. Macho yalipopunguka alikata kitambaa cha harusi ya watu vibaya, akalia mbele yangu. Sikuwahi kumwona akilia. Niliandika programu hii miaka minne, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Kila anayeinunua, najua kuna mtu kaona kazi yangu ina thamani. Anayeipata kwa mlango wa nyuma, wala simjui."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilijiona nasaidia."

"Ulisaidia. Hilo ndilo linaloniudhi." Mwalimu akacheka kidogo, wa kwanza kucheka. "Watu wa mtaani kwenu wananipigia simu kila wiki, diski imevunjika, diski imeliwa. Mimi nina mashine moja ya kunakilia, nayo imekufa. Nawaambia subirini. Sasa naelewa kwa nini waliacha kupiga."

Mama Pacha aliomba kuiona mashine. Alikuwa na bisibisi mkobani. Alikuwa nazo mbili, kwa kweli. Tatizo lilikuwa mkanda mdogo wa mpira uliolegea. Alipomaliza, Mwalimu aliingiza diski, mashine ikaguna, ikazunguka, na wote wawili wakaitazama kama watu wanaochungulia chungu jikoni.

Walipatana pale pale. Mwalimu aliandika barua na kuitia sahihi: mwenye kasha la buluu lenye namba, ambaye diski yake imeharibika, aende kwa Mama Pacha na kasha pamoja na vipande, abadilishiwe kwa idhini ya mwandishi. Asiye na namba anunue, kama kila mtu. Na zile saba zirudi zote.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mama Pacha alipita duka kwa duka. Watatu walikuwa na makasha yao, wakabadilishiwa siku ile ile. Wawili walinung'unika, kisha wakanunua. Mmoja alikuja juu: "Wewe ndiye uliyeniuzia! Leo unanihubiria?"

"Ndiyo, mimi," Mama Pacha akamjibu. "Pesa yako hii hapa. Nilikuuzia kisichokuwa changu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

Yule mtu alizihesabu pesa, akatoa diski.

Wa mwisho alikuwa Mama Sare. Mzee wa Suti alipigiwa simu, akaelezwa kwamba Mkasi ni ya Mama Sare sasa na yake inabidi ifutwe. Alilalamika, akaguna, akauliza kama kuna rufaa. Mwishowe Mama Pacha akamwongoza kwa simu, bonyeza hapa, si hapo, rudi, robo saa nzima, mpaka ikafutika, na Mama Sare akabadilishiwa diski kwa kasha la Mzee.

"Basi nimebaki na chaki," Mzee akasema.

"Chaki ndiyo iliyokupa jina, Mzee."

"Hilo kweli," Mzee akasema, na sauti yake ikachangamka.

Mapazia ya wifi yalikuwa kumi na mawili, mazito, na Mama Pacha aliyafua yote Jumamosi moja, wifi akiwa amekaa kivulini akimwonyesha kwa kidole palipobaki doa.

Wiki chache baadaye Mwalimu alikuja mtaani kuleta diski mpya. Hakuwa amewahi kufika. Mama Pacha alimpitisha duka kwa duka, na kila alipoingia aliiona programu yake wazi kwenye kioo cha kompyuta, pembeni pana mtoto amelala juu ya vitambaa au redio inaimba. Washonaji walipojua ni nani, kazi zilisimama. Mmoja alimwambia mkono wa kushoto huwa unatoka mrefu kidogo. Mwalimu akachomoa kalamu nywelini, akaandika, akauliza, kidogo kiasi gani?

Mama Sare ndiye aliyemtazama kutoka juu mpaka chini kwa jicho la kazi.

"Mwalimu, hilo gauni kakushonea nani?"

"Nimenunua dukani, mwanangu. Linanibana mabega miaka sita sasa."

"Hujawahi kuvaa nguo iliyokatwa na Mkasi?"

Mwalimu akafikiri. "Hapana. Nani angenishonea?"

Mama Sare akamsimamisha katikati ya chumba, akamzungushia utepe wa kupimia, huku Mama Pacha ameketi kwenye kompyuta akiandika: mabega, kifua, kiuno, mkono. Karatasi zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. Mwalimu aliziokota zingali na joto, akaziunganisha pembe kwa pembe mezani, na akainama kuhakiki mstari wa bega lake mwenyewe.