Spika Iliyokoroma

Wiki iliyopita nilifumua mto wa zamani niuanike juani, na ile harufu ya sufi, ya vumbi na jasho la vichwa vya miaka mingi, ikanipiga puani. Nikapiga chafya, kisha nikakaa chini. Msinicheke. Sufi ilisababisha mtu afukuzwe nyumbani kwetu Kasulu, na mkono wangu ulikuwamo.

Baba alikuwa fundi redio, akitengeneza spika za mbao kwa ajili ya makwaya. "Debe tupu haliachi kuvuma," alipenda kusema, "na sanduku la spika ni hivyo hivyo. Lazima ulivishe ndani." Alilivisha chochote laini: blanketi kuukuu, sponji la godoro, mara nyingine sweta la mtu. Kwetu ukipotelewa na sweta, kwanza ulibisha hodi kwenye spika.

Mama alizaliwa na wakimbizi kutoka Burundi. Cheti chake cha uraia alikitunza kama mboni ya jicho, maana alikua akisikia kwamba asiye na karatasi hurudishwa. Hakuna aliyejua anakiweka wapi. Ndugu wa Baba hawakuifurahia ndoa ile, na Mama hakusahau. Kwa hiyo Masenge, ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kiha, alipotoka Munanila kuja kukaa nasi, Mama alimpokea kwa ugali na maharage huku jicho likimfuata hadi jikoni.

Mwezi ule Baba alikwenda Kibondo kufunga spika za kwaya. Siku ya tatu nikamkuta Mama chumbani amepasua mto wake. Ndani hamkuwa na sufi. Mlikuwa na matambara, na mshono ulikuwa mpya. Cheti, alichokuwa amekificha humo kwenye nailoni, hakikuwepo.

"Yoo! Wameniweza," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Akaniuliza kama nilimwona mtu na sindano. Nikasema nimemwona Masenge. Kweli nilimwona: alikuwa akishona sketi yangu ya shule. Hilo la sketi sikulisema. Mama hakuwa na kawaida ya kunisikiliza namna ile, na nilitaka aendelee.

Aliuchukua mkoba wa Masenge, akaumwaga wote mkekani, akapekua hadi kurasa za Biblia.

"Wifi, karatasi yako nitaifanyia nini mimi?"

"Mtoto amekuona na sindano."

Masenge akanitazama kwa muda, akanyamaza. Kesho yake asubuhi alipanda gari kurudi Munanila.

Baada ya wiki Baba akarudi na spika moja. Kwaya walikuwa wameikataa, eti besi ikiingia inakoroma kama mzee aliyelala chali. Akaifungua mbele yetu, akachambua mabonge ya sufi, na katikati ya bonge moja nailoni ikakwaruza. Kumbe sufi ya mto aliitoa yeye, akajaza matambara na kushona upya ili Mama asigombe. Akakisoma kile cheti, akakikunja taratibu.

"Hata mimi ulinificha?" aliuliza. Mama alilia kwa sauti.

Mama alifunga safari hadi Munanila kuomba radhi, na Masenge akamsamehe. Krismasi alikuja, tukala, tukacheka. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, akaugeuza mkoba wake juu chini: kitenge, kitana, Biblia. "Tazama wifi, ndipo niende." Mama akaziba uso. Mimi nilicheka, nikidhani ni utani wa mawifi.

Alifanya hivyo kila alipokuja. Uchungu ule niliuelewa nikiwa na watoto wangu, na ndipo nikaelewa pia kwa nini alinyamaza. Angetaja ile sketi, ningeonekana mwongo mbele ya Mama, na fimbo ingekuwa yangu. Akaona heri aondoke yeye na jina la mwizi.