Mchezo Uliotaka Kuitikiwa

Watu wa Nairobi wa miaka ile walipenda michezo ya kuigiza, mtu asikudanganye. Lakini walijua wanachokipenda. Walitaka mlevi aanguke mapema, mke afumanie, mwizi akimbie akiacha kiatu, na mwisho mchungaji asimame awapatanishe wote kwa wimbo ambao kila aliyeko ukumbini anaujua. Nyimbo ziliwekwa chache, katikati ya maneno, kama chumvi kwenye mboga. Ukiwaletea kitu kingine walikusikiliza kwa adabu, kisha wakauliza chai iko wapi.

Fundi mmoja wa bati alituletea kitu kingine. Niliimba katika mchezo wake toka siku ya kwanza ya mazoezi hadi ulipokoma, kwa hiyo wanaosema haukupata watu kwa sababu ulikuwa mbaya huwa wananichekesha. Haukuwa mbaya. Shida yake ilikuwa nyingine kabisa.

Mimi nilikuwa nikishona sare za shule kwenye baraza la duka moja Kawangware, na nilipanga chumba katika ploti ya mzee mmoja mwenyeji wa pale. Jumapili nilitembea kwa miguu hadi Kibera, kwa maana kanisa la watu wa kwetu, sisi tuliotoka magharibi, lilikuwa huko, upande wa Silanga, juu kidogo ya bwawa. Kwaya iliongozwa na yule fundi. Siku za kazi alitengeneza majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na Jumapili tulimwita mwalimu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kugonga mdundo kwa kidole juu ya kitu chochote kilichokuwa karibu, hata bega la mtu wa besi.

Siku ya kwanza alitueleza nia yake bila kuzunguka. Kaka yake, kifungua mimba wa mama yao, alifia Nairobi wakati mwalimu mwenyewe alikuwa mgeni mjini, kibarua wa kuchimba mitaro. Zilikuwa mvua za masika, barabara ya kwenda kwetu imekatika, naye hakumjua mtu wa kumshika mkono. Alimzika katika makaburi ya jiji, yeye na wachimba kaburi tu, bila wimbo. Alipokwenda kumpasha mama yake habari, mama hakuuliza ugonjwa wala gharama. Aliuliza ni nani aliyeitikia. Mwalimu akasema hakuna. Mama akasema basi mtoto wake bado yuko njiani, na toka hapo kila mwalimu alipokwenda likizo alipokewa kwa maneno hayohayo. Sasa alitaka mchezo huu uimbwe mpaka mwisho mara moja, watu waitikie, ndipo aende akamwambie.

Lazima nieleze desturi yenyewe, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Kwetu wimbo wa kilio huanzishwa na mfiwa, lakini mfiwa hajiitikii. Kiitikio hutoka kwa wengine: majirani, wapita njia, watu waliosikia sauti wakaacha jembe. Usipoitikiwa ni kama hukulia, na marehemu hafiki kwao. Tena wimbo huo hauimbwi ovyo. Kuuimba mahali ambapo hakuna aliyekufa ni kukiita kifo, na kifo hakijui utani.

Ndani ya hayo mwalimu akatunga mchezo. Ulihusu watu wanaotaka kusafirisha maiti kutoka mjini kwenda kwao. Maiti yenyewe haikuonekana. Palitandikwa mkeka mtupu katikati, nasi tukauzunguka. Hakukuwa na mlevi wala mwizi. Hakuna aliyeongea. Kila neno liliimbwa, hata kupatana bei na mwenye lori, hata mjane kuomba chumvi kwa jirani. Mtu wa besi, ambaye alikuwa utingo na aliipenda kazi yake kwa sababu ya kupiga domo, alilalamika.

"Mwalimu, si hapa tungeongea tu? Nani anaomba chumvi akiimba?"

"Mtu amefiwa," mwalimu akamjibu. "Ushawahi kuingia matanga ukasikia mtu anaongea sawasawa?"

Nilikumbuka mama zangu wadogo walivyoingia bomani kwetu nyanya alipofariki, wakitoa habari za safari yao kwa sauti ile ya kupanda na kushuka, na nikaona kwamba ana haki. Mtu wa besi naye aliona, akaimba zamu yake ya jirani anayeombwa chumvi.

Mchezo uliishia kwa mwalimu kuanzisha wimbo wa kilio peke yake, akiwaelekea watu, na sisi waimbaji tukiwa kimya. Hapo ndipo ukumbi ulipotakiwa kuitikia. Asipoitikia mtu, mchezo haukuwa na mwisho. Sijui mtu mwingine yeyote aliyetunga kitu cha jukwaani akaacha mwisho wake mikononi mwa watu waliokuja kukaa tu.

Kwaya ilianza kupukutika kabla hata hatujamwona mtazamaji mmoja. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza aliondoka mtoto wake alipopata surua, na dada wawili walikatazwa na waume zao, waliosema hawaoi watu wa kuita mauti. Mimi sikuwa na mume wa kunikataza, na ukaidi ninao wa kuzaliwa. Tulibaki wachache, tukifanya mazoezi katika darasa la chekechea lililojengwa kwa mabati, tukiwa tumekalia viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu.

Kwa kuwa kanisa letu lilikuwa bado linasitasita, niliomba nafasi Kawangware. Mwenye ploti wangu alikuwa mzee wa kanisa la wenyeji. Alikubali papo hapo, akaalika majirani, nao wakaja Jumamosi mchana wakiwa wameoga na kuvaa, wamebeba viti vyao kutoka nyumbani. Walikuwa watu wema, nasema hivyo bila kejeli. Walicheka mjane alipoimba chumvi. Walicheka zaidi mwenye lori alipoimba bei. Mwalimu aliposimama na kuanzisha wimbo wa mwisho walinyamaza kwa heshima, mikono mapajani. Akauita tena. Kimya. Wangeitikia kwa moyo wote, lakini wimbo haukuwa wao, wala lugha. Wao huzika kwa nyimbo za kitabu. Mara ya tatu mama mmoja wa mbele akamhurumia akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Mzee alitoa shukrani, akaomba, soda zikagawanywa. Kisha akamvuta mwalimu pembeni, nami nikiwa hapo, akamwuliza kwa nia njema kabisa:

"Lakini mwalimu, huyo mtu si mngemzika tu hapa? Hata hapa ni kwa Mungu."

"Alizikwa hapa, mzee."

"Basi si mmemaliza?"

Mzee alidhani bado wanazungumzia hadithi. Nilikasirika sana, na hasira hiyo sikuwa na pa kuipeleka. Baba yake mzee huyo alizikwa nyuma ya migomba, hatua chache kutoka zizi, na mzee alipita kando ya kaburi kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe. Angejuaje habari za mtu aliye njiani? Mwalimu alimaliza soda yake, akarudisha chupa kwenye kreti, akasema asante.

Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa na dawa. Mtu wa besi alishauri tutie mlevi, yeye mwenyewe akijitolea. Mwingine akasema tuwafundishe watu kiitikio kabla ya kuanza, wapewe na karatasi. Mwalimu alikataa yote mawili. Alisema kiitikio cha kufundishwa hata kasuku anakiweza. Alitaka watu wanaokijua, na wanaokijua walikuwa Kibera, ndio haohao waliosema hawatafungua midomo. Ndiyo shida niliyoitaja. Waliotaka kuitikia hawakujua, na waliojua hawakutaka. Mchezo wowote mwingine ungeweza kuishi kwa makofi, ila huu ulitaka kitu ambacho huwezi kumtoza mtu mlangoni.

Mchungaji wetu mwishowe aliruhusu, kwa sharti kwamba tumalize kwa sala. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, katika darasa lilelile la chekechea. Washirika walikuja, baadhi kutoka mbali kama Kambi Muru, nadhani zaidi kuona tutapatwa na nini. Walikaa wamefunga mikono vifuani. Hapa hakucheka mtu. Mjane alipoomba chumvi niliona mwanamke mmoja akiinamisha kichwa, na lori lilipopatikana wanaume walitikisa vichwa, maana wote waliwahi kupatana bei kama hiyo. Sijapata kuimbia watu walioelewa namna ile. Lakini walielewa wakiwa wamejifunga kama sanduku.

Mwalimu akasimama kandokando ya mkeka. Akaanzisha. Mtoto mmoja mstari wa pili akafungua kinywa kuitikia, kama alivyozoea matangani, na mama yake akamziba kwa kiganja. Mwalimu akaanzisha tena. Nilitazama miguu yangu. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya kwa sababu mimi pia nilikuwa nimenyamaza, kama mchezo ulivyotaka.

Alipoita mara ya tatu ukaja mlio kutoka nje.

Mabati hayazuii sauti. Chini yetu, kuelekea bwawani, kulikuwa na wanawake wanaouza makaa na sukuma wiki, watu wa kwetu wengi wao, lakini si wa kanisa letu, na hakuna aliyekuwa amewaambia habari za mchezo. Wao walisikia mwanamume akilia, na mwanamume akilia hivyo huulizi, unakwenda. Waliacha magunia yao wakapanda mteremko, leso zimefungwa viunoni, mikono myeusi kwa makaa, wakiitikia toka huko huko njiani. Waliingia mlangoni mikono ikiwa kichwani. Mwalimu akaita, wakaitikia, akaita. Nguvu ya sauti zao ilitetemesha bati la paa.

Washirika wakaanza kusimama. Wengine walitoka kwa haraka wakisema sasa mmekiita kweli. Mchungaji alikuwa amesimama na Biblia yake hajui afungue wapi. Mmoja wa wauza makaa, mwanamke wa makamo mwenye jino moja la mbele, aliutazama mkeka mtupu, akatutazama sisi, akanyoosha mkono wimbo ukakoma.

"Kijana, ni nani alitutoka?"

Mwalimu alitazamwa na kila mtu, hata na waliokuwa mlangoni wakitoka. Kulikuwa na jibu rahisi, kwamba huu ni mchezo, mama, tusamehe, rudini kwenye biashara. Mtu wa besi alikwisha kufungua kinywa alitoe.

"Ni kaka yangu," mwalimu alisema.

"Lini?"

"Ni kitambo, mama. Nilikuwa bado kibarua."

"Na hamkumlilia?"

"Hakukuwa na watu."

Yule mwanamke alikuwa na haki ya kukasirika, na biashara yake ilikuwa huko chini bila mtu. Akauliza jina la marehemu, akauliza jina la mama yake. Kisha akaketi sakafuni kando ya mkeka, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wafiwa, na wenzake wakaketi nyuma yake. Akamwambia mwalimu aanze upya, toka mwanzo, na safari hii alitaje jina.

Sisi wa kwaya tuliacha zamu zetu tukaitikia. Baadhi ya washirika walirudi wakaketi. Sikumbuki tuliimba kwa muda gani. Nakumbuka mwalimu alilia waziwazi, kamasi na yote, na mtu wa besi akamshika begani akimpigia mdundo kwa kidole. Hakuna aliyepiga makofi. Mwisho yule mwanamke aliinuka, akajikung'uta, akatupa pole mmoja mmoja, wakateremka kwenda kuangalia makaa yao.

Desemba mwalimu alikwenda kwao. Aliporudi alituita kwake akatupikia kuku, akasema ametumwa na mama yake, kuku ni wa walioitikia. Zaidi ya hapo hakusema, na hatukumchimba.

Miaka kadhaa baadaye kijana mmoja mwenye miwani alikuja Kibera akitafuta mchezo huo. Alikuwa akiandaa michezo mjini, kwenye ukumbi wa viti vya kitambaa, na alikuwa amesikia habari za mchezo usio na mazungumzo wala mhusika mkuu. Alisema enzi zile watu hawakuwa tayari, ila sasa angeweza kuujaza ukumbi. Mwalimu aliendelea kukunja bati. Alimwambia huo hauimbwi tena, akamwuliza kama hahitaji jiko.

Kijana akanifuata mimi Kawangware, akakaa kwenye baraza langu huku nikipiga pasi kola za sare. Alikuwa mpole na alijua kazi yake, nilimpenda. Aliniomba basi nimwimbie ule wimbo wa mwisho, ubeti mmoja tu, apate kusikia ulivyokuwa. Nilimkatalia. Nilimwambia nyumbani kwetu wote wazima.