Dirisha Nililomfungulia Mama

Mama hakutaka kuja Dar. Ninalisema hili mapema, maana msibani watu walinisifu eti nilimtunza mama yangu, nami nikazipokea sifa kimya kimya.

Kwetu Kilimanjaro tunakaa juu, na kila Julai baridi ilikuwa inamkaba kifua. Mimi ndiye binti mkubwa, nina duka la mapazia Kariakoo, na mdomo ninao. Nikampigia simu. "Mama, unakuja huku kwenye joto. Sitaki mjadala." Akauliza migomba yake ataiangalia nani. Nikamjibu migomba haijawahi kumpeleka mtu hospitali. Weee, nilijiona nina akili!

Nikampa chumba cha mbele, ghorofani, juu ya duka lenyewe. Dirisha kubwa, linatazama mtaa. Kila asubuhi kabla sijashuka kufungua duka nilikuwa nalifungua lote, namwambia, "Vuta hewa, Mama." Chini malori ya mzigo yananguruma bila kuzimwa, umeme ukikatika kila duka linawasha jenereta yake, na mama ntilie anapuliza majiko yake ya mkaa. Nilikuwa nimeshazoea, sikuona kitu.

Yeye aliona. Nikipanda mchana nakuta dirisha limefungwa. Nalifungua. Jioni limefungwa tena. Tukawa tunagombana kama watoto. Siku moja akapangusa ukingo wa dirisha kwa kitambaa chake cheupe cha kichwani, akaninyooshea, cheusi tii. "Hiki ndicho ninachovuta huku, mwanangu." Nikacheka. Nikamwambia, "Vumbi tu hilo, Mama. Hii ndiyo Bongo, utazoea."

Kikohozi kilipoanza nikasema ni mafua. Kilipomnyima usingizi ndipo nikampeleka hospitali. Kwenye benchi tulikaa na wanawake wawili, nao wanakohoa. Mmoja wa Buguruni, aliyelaani majirani wanaochoma plastiki kila jioni. Mwingine alitoka huko mkoa wa Pwani. Kwao wanachoma mkaa, alisema, na moshi unalala kijijani wiki nzima. "Na mkaa wenyewe wala hatuupikii sisi. Unakuja kwenu mjini." Nikamkumbuka mama ntilie wangu na magunia yake. Kumbe moshi wa kwanza wa gunia lile ulibaki kwenye kifua cha huyu mama, wa pili ukapanda dirishani kwa Mama yangu.

Daktari alimwamkia Mama shikamoo, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mimi analala wapi. Nikamweleza kwa kujivuna: chumba cha mbele, dirisha wazi kutwa. Akaweka kalamu chini. Akasema kwa kifua kile, hewa ya mtaa ule ni sawa na kumfungia jikoni. Nikatamani ardhi ipasuke.

Tulipotoka nje Mama akasema, "Nirudishe nyumbani." Nikamwambia Desemba tutaenda wote, kama ninavyoenda kila mwaka, sasa hivi wateja wa sikukuu wameanza, avumilie kidogo. Akaniambia, "Haya, mwanangu." Ile "haya" yake inaniuma, jamani, inaniuma mpaka leo.

Nilimhamishia chumba cha nyuma, nikafunga kila kitu. Kifua kilikuwa kimeshachoka. Hakuifikia Desemba. Tulimpandisha mlimani kwenye jeneza, tukamzika migombani kwake, na hewa ya kule siku hiyo ilikuwa safi mpaka nikaichukia.

Niliporudi Kariakoo, asubuhi ya kwanza nikafungua duka. Nikachukua nailoni, nikaanza kufunika mapazia meupe. Wote tunaouza mapazia mtaani kwetu tunafanya hivyo, kwa sababu pazia jeupe ukiliacha wazi, wiki haiishi limeshakuwa la kijivu, na mteja haligusi. Nimeifanya kazi hiyo miaka yote, hata sihitaji kuifikiria.

Safari hii mikono iligoma. Nikakaa chini sakafuni, nailoni mapajani, nikalia mbele ya wateja. Siku zote zile nilikuwa namfungulia Mama dirisha, kisha nashuka kufunika mapazia yasishike moshi.