Baba Rukia alipiga hodi mpaka kwenye mfumo

Jamani, namba ya Baba Rukia bado iko juu kabisa kwenye simu yangu, na asubuhi hii kidole kilishaanza kumpigia. Ndipo nikakumbuka kuwa juzi tumemzika. Moyo umekataa, umekataa kabisa.

Kwa msiomjua: alikuwa mtu wa kompyuta wa chama chetu cha ushirika wa korosho, makao makuu Masasi. Mimi ni karani wa uhasibu tawi la Newala. Tumefanya kazi pamoja tangu watoto wetu hawajaanza shule.

Kazi yake ilikuwa kuutunza mfumo wa uhasibu. Database ikijaa inakuwa nzito, unabonyeza kitu unasubiri mpaka chai inapoa. Lazima isafishwe na kupangwa upya. Kwingine wanazima kila kitu na kuwatoa watu wote. Sasa sisi msimu wa korosho ukianza unamtoa nani? Magari yamepanga foleni ghalani, wakulima wanataka stakabadhi zao. Kwa hiyo yeye alichukua backup kwanza, yaani nakala ya akiba, kisha akasafisha tawi moja moja, na matawi mengine yanaendelea na kazi.

Na alipiga hodi! Wallahi. Kwenye group la kazi anaandika, "Hodi Newala." Ukijibu karibu, unahifadhi kazi yako, unatoka, anaingia yeye. Akipiga hodi ya tatu kimya, anageuka anakwenda tawi jingine, kama mgeni yeyote mwenye adabu zake.

Shida ni kwamba sisi tukisikia hodi, mdomo unajibu karibu wenyewe. Dada mmoja wa Makote alimkaribisha huku ameacha stakabadhi ya mtu nusu. Baba Rukia akamuuliza, "Dada, umenikaribisha na bado unaoga?" Yule dada akajibu, "Naoga na maji gani, kaka, huku kwetu?" Tulicheka mpaka tukasahau kazi.

Akipanda huku Newala, mlimani ambako maji ni ya shida, hakuja mikono mitupu, alituletea madumu ya maji. Kabla hata sijamsalimia: "Mama Swaumu, pokea mzigo kwanza!"

Mwaka huu madumu yalishushwa na dereva. Baba Rukia alibaki kwenye gari, mlango wazi. Viatu alikuwa amevikanyaga visigino kama ndala kwa sababu miguu imejaa. Nikamwambia, "Baba Rukia, hii miguu siyo ya kwako." Akasema ni jua tu. Siku yenyewe ilikuwa na mawingu.

Halafu voice note zake zikabadilika. Maneno mawili, anavuta pumzi. Maneno mawili, anavuta pumzi. Nilikuwa nazisikiliza mara mbilimbili.

Mama Rukia naye akanipigia, ananong'ona ili mumewe asisikie. Siku hizi akilala chali anakosa hewa, kwa hiyo analala ameketi kwenye kiti. Daktari kasema ni moyo, aje alazwe. Yeye kasema mpaka amalize kusafisha, kwa sababu mfumo umeanza kukwama na hakuna mwingine anayejua kuusafisha watu wakiwa ndani. Bosi alifurahi kusikia hivyo. Hapo nilichukia, na bado nimechukia.

Siku ile ya mwisho, mchana kweupe, akaanza. Hodi Newala, nikatoka, akamaliza. Makote, akamaliza. Hodi Chilangala.

"Karibu!" Kumbe bado wako ndani ya mfumo, mzigo wa mzee mmoja uko kwenye mizani. Kazi ikasimama.

Nikampigia. Nikamsikia bosi nyuma yake anafoka, "Watoe tu hao!" Na kweli angeweza kuwatoa kwa kubonyeza mara moja. Baba Rukia akamjibu polepole, "Nikiwatoa, kipimo cha yule mzee kinapotea. Ataanza foleni upya. Nasubiri." Pumzi yake ilikuwa inakoroma kama maji kwenye mrija.

Nikamwambia, "Baba Rukia, acha. Nakuomba, inuka uende hospitali."

"Nimebakiza Chilangala tu, Mama Swaumu."

Chilangala wakatoka, akasafisha. Mfumo ukawa mwepesi mpaka raha. Group likajaa asante kaka, hongera kaka, na emoji za vikopa. Hakujibu. Tukasema acheni apumzike, na sisi tukaendelea na kazi mchana wote, matawi yote, bila hata mmoja kukwama.

Aliyempelekea chai ndiye aliyemkuta. Amelalia meza, skrini inawaka, na majina yetu sote yanaonyesha tuko online. Alikuwa ameshapoa.

Msibani bosi akasimama kumsifu. "Marehemu hakuwahi kumkatiza mtu yeyote kazi yake." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakalia. Mimi nilitoka nje ya turubai, maana ningepiga kelele mbele ya mjane.

Leo mfumo umeanza tena kuwa mzito. Bosi ameuliza kwenye group nani atakaa kwenye kile kiti. Tumesoma wote, na kila mtu amerudi kwenye kazi yake.

Baba Rukia, ungetukatiza! Ungezima kila kitu, Newala, Makote, Chilangala, sote tutoke tukiwa nusunusu, tupige kelele, simu zikuangukie. Ningepanda gari nikateremka Masasi kuja kukutukana mwenyewe, na ningekukuta unapumua.

Haya kaka, Mwenyezi Mungu akupokee na akupumzishe. Mimi bado nina hasira na wewe.