Ukarimu wa Musabbah bin Ghurair

Mji mzima wa Ummu Ghafa hakuna mtu aliyesifiwa kwa ukarimu kama Musabbah bin Ghurair, na tangu aoe hakuwahi kumchinjia mgeni hata mbuzi. Usishangae. Ukarimu nao una ufundi wake, na Musabbah alikuwa fundi.

Kwao, mgeni wa heshima akishakunywa kahawa, mwenye nyumba huinuka na kisu kwenda kumchinjia. Hapo mgeni humdaka mkono akaapa, "Mke wangu ni talaka ukichinja." Yamini ya talaka si ya kuchezea, maana akichinja mke wa mgeni kaachika, basi mwenye nyumba hurudi kuketi kwa huzuni kubwa, zinaletwa tende na samaki, na kila mtu huondoka na heshima yake. Wengine walikuwa wakiinuka kivivuvivu, unaona kabisa mtu anangoja kuzuiwa. Musabbah aliruka. Wageni walipostuka, yeye keshafika mlangoni na mikono ya kanzu imekunjwa, ikabidi wamkimbilie na kumshika kiuno. Sifa zake zikafika mpaka kwa mabedui wa ndani kabisa ya jangwa.

Cha kuchinja chenyewe kilikuwa kimoja tu: Samha, ngamia wa maziwa. Mwaka ule binti yao alifariki katika uzazi, akaacha mtoto wa kiume, Ubaid, na mtoto yule aliishi kwa maziwa ya Samha. Afra, mkewe Musabbah, alijaribu kumpa maziwa ya mbuzi wa jirani, akayatapika yote.

Ndipo sheikh aliyeutawala mji naye akafa. Wakabaki wawili wanaokitaka kiti: ndugu yake, Sheikh Hadif, mzee wa maneno machache na bunduki nyingi, na mwana wa marehemu, Sheikh Majrin, kijana mcheshi, mpenda watu, asiye na bunduki za kutosha. Desturi ni wazee kukaa, kunong'ona, kunong'ona tena, na mwisho kumfuata yule waliyeona anafaa. Lakini Waingereza walikuwa na manowari yao pale nje, na manowari haijui kungoja minong'ono. Wakamtuma Bwana Liddell aje kumtaja sheikh.

Ami hakutaka kukanyaga kwa mtoto wa nduguye, wala mtoto kwa ami yake. Bwana Liddell akauliza ni nyumba ya nani basi inayoheshimiwa na wote. Watu wakamjibu kwa kauli moja.

Musabbah alipopata habari alifurahi mpaka akawa anacheka peke yake.

"Bint Hamad, tandika mkeka mpya. Utawala wote unakuja kwetu."

"Na Samha?" Afra akauliza.

"Samha ana nini? Nitaruka, wataniapia, nitakaa. Masheikh wawili, bint Hamad. Viapo vitagongana hapo."

"Na huyo Mwingereza?"

"Huyo atakula samaki kama wenzake."

"Haya, ruka," Afra akasema. "Ila magoti yako si ya zamani, bin Ghurair. Usije ukaanguka mbele ya serikali."

Siku ya siku wakaja. Bwana Liddell akakalishwa juu, masheikh wakaketi kulia na kushoto kwake, wazee wa mji wakajipanga ukutani. Mwingereza yule alikuwa amejifunza Kiarabu huko kwao London, na pamoja na Kiarabu alifundishwa kwamba kukataa chakula cha Mwarabu ni kumtukana. Hakuna aliyemfundisha yaliyobaki.

Kahawa ikazunguka. Musabbah akaruka, na aliruka vizuri kuliko siku zake zote, akafika mlangoni kisu mkononi. Haki ya kuapa ni ya mgeni aliye mkubwa kuliko wote, kwa hiyo wote wakamgeukia Bwana Liddell. Naye akaweka mkono kifuani, akasema kwa ufasaha, "Mungu akuongezee. Tutakula kwa furaha."

Sheikh Majrin alikuwa keshainua mkono, akaushusha. Atakayeapa sasa atakuwa ameikosoa serikali mbele za watu, na serikali yenyewe haijamtaja sheikh bado.

"Nakwenda kuchinja," Musabbah akarudia, polepole. "Ngamia."

"Ngamia," akasema Bwana Liddell, uso umemchanua.

"Wa maziwa," Musabbah akaongeza, akimkazia macho Sheikh Hadif. Sheikh Hadif alikuwa ameshughulika na finjani yake, anaichungulia ndani.

"Kisu chenyewe butu. Itabidi nikinoe kwanza."

Akakinoa nje ya mlango, wote wakisikia. Alikinoa mpaka nadhani kilipungua nusu. Hakutoka mtu. Wallahi inaudhi: watu wazima wawili, kila mmoja anautaka mji mzima, na hakuna aliyethubutu kusema neno kwa ajili ya ngamia wa maskini. Na Musabbah je, asingeweza kurudi ndani akasema hana uwezo? Angeweza. Lakini sifa za miaka yote zile zilimkaba koo, akamwendea Samha, na Samha akadhani amekuja kukamuliwa.

Alilia alipochinja. Waliomwona aliwaambia ni vumbi.

Bwana Liddell alikula matonge mawili ya wali. Tumbo lilikuwa linamsumbua tangu manowarini. Nyama hakuigusa. Kisha akamtaja Sheikh Hadif, kwa sababu, alisema, ni mtu mtulivu. Akamgeukia Musabbah. "Sijapata kuona ukarimu kama huu. Mwakani nitamleta mkubwa wangu."

Hapo Afra akaingia katikati ya wanaume, jambo asilolifanya maisha yake yote, na mtoto analia kwa njaa. Akampakatisha Sheikh Hadif mtoto yule.

"Huyu naye ni mgeni, Sheikh. Alitangulia kuja kabla yenu, na chakula chake ndicho mlichokula. Mwambie atakunywa nini leo."

Sheikh Hadif akamtazama Mwingereza amwelekeze la kufanya. Mwingereza akadhani ndiyo desturi yao ya kumbariki sheikh mpya, akavua kofia kwa heshima. Basi Sheikh Hadif naye akampapasa mtoto kichwani, akamwombea dua fupi, akamrudisha.

Sheikh Majrin akasimama. Hakuwa na cha kupoteza tena. "Ngamia niliyempanda ana maziwa, na ndama wake yuko naye hapo nje," akasema. "Mke wangu ni talaka wakitoka hapa."

Akatoka, akashika njia kwa miguu. Wazee wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, nao kwa miguu, wakamwacha Sheikh Hadif akae na serikali yake.

Sasa zawadi kama ile haipokelewi hivihivi. Mtu hukataa, akaapa yamini nzito zaidi, akaburutana na mtoaji njiani mpaka watu waje kuwaamua, na katika mchezo huo hakuna aliyempata Musabbah. Akamkimbilia kijana, akamshika mkono wa kanzu, pumzi keshaivuta na kiapo kiko kwenye ncha ya ulimi. Nyuma yake mtoto alikuwa bado analia, sauti imeanza kukauka.

Akamwachia kanzu. Akarudi, akashika kamba ya ngamia, akamwambia Afra alete bakuli.