Vidole Viwili Ninavyodaiwa

Siku ile tulikuwa wanne chumbani. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, miaka kumi na minne, ambaye mkono wake ndio uliotupeleka hospitali. Alikuwepo dokta kijana aliyekuwa akifanya utafiti wa makovu. Alikuwepo nesi mtu mzima, mtu wa bara, aliyemwita kila mtu mwanangu. Na nilikuwepo mie, niliyekata kile kiplastiki cha kuwekwa kwenye kamera. Wazazi wetu hawakuwepo, walikuwa wameshafariki. Nawataja kwa sababu fomu ya hospitali ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Nesi alinionyesha pale kwa kidole, nikasaini.

Mie ni fundi simu Tandale, meza yangu iko nyuma ya wauza viazi. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba, nikabaki na huyu mmoja wa kulea. Aliungua mwaka uleule, akiwa na miaka sita. Nilikuwa nimeshika kioo cha mteja kwa mikono miwili, gundi haijakauka, na uji ukaanza kufurika. Nikamwambia, "Epua tu, kwani hujui?" Hakujua. Aliteleza, kiganja cha kulia kikatua juu ya makaa. Kidonda kilifunga, lakini kovu likavivuta vidole viwili, cha pete na cha mwisho, vikalala kiganjani. Kila alipokua kovu lilivutika, likachanika na kufunga upya, mara ya mwisho mwaka jana.

Hakuwahi kunilaumu kama watu wanavyolaumu. Alinitania. Nikimtuma dukani anajibu, "Nenda mwenyewe. Una deni langu la vidole viwili." Alikuwa anajifunza ususi kwa jirani. Alisuka kwa vidole vitatu, mistari ikaenda vizuri mpaka karibu na sikio, halafu ikalegea. Jirani alimwachia vichwa vya watoto tu.

Dokta nilimpata kwa sababu ya simu yake iliyopasuka kioo. Alikaa kwenye benchi akinitazama nikibandua ule utando mweusi unaolala juu ya kioo cha ndani. Ukibebanisha vipande viwili na kukigeuza kimoja, mwanga unapita. Ukikigeuza robo nyingine, giza. Sie mafundi tunalijua hilo kwa mikono tu. Yeye akanieleza kwamba utando ule unauchuja mwanga ubaki ukitikisika upande mmoja, na kwamba ngozi imeshikiliwa na nyuzi ziitwazo kolajeni, ambazo zinaugeuza mwanga wa namna hiyo. Kipande kimoja unakiweka kwenye taa, kingine kwenye kamera, unavigeuza mpaka giza. Kinachong'aa ndani ya giza hilo ni nyuzi. Kovu changa nyuzi zake ni nyembamba na zimevurugika. Likikomaa, zinanenepa na kulala upande mmoja.

"Ukilikata kabla halijakomaa, linajikunja upya," alisema.

Vipande alivyoagiza nje vilikuwa havijafika, akaniomba nimkatie. Ndipo nikamweleza habari za nyumbani kwangu. Akasema madaktari wa mikono kutoka nje wangekuja kwa wiki mbili kupasua bure, nafasi ni chache, na yeye ameombwa apeleke majina ya wenye makovu yaliyokomaa. Nikaanza kukata vipande usiku na mchana kichwani mwangu, kabla hata sijashika mkasi.

Asubuhi ya kwenda, kipande nilichokiandaa kilikuwa na mchubuko. Nikakata kingine haraka haraka, nikakitia kwenye bahasha, tukaondoka.

Mdogo wangu alilaza mkono juu ya sahani ya chuma. Nesi alizima taa ya chumba.

"Mbona umenuna, mwanangu?"

"Natakiwa kucheka?"

"Wewe nuna tu. Kinapigwa picha kiganja, sio sura."

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Kovu lote lilikuwa na mistari ya bluu na njano, imelala sambamba.

"Kama nywele zimeshachanwa, zinasubiri kusukwa," mdogo wangu alisema.

"Zimelala vizuri sana," dokta alisema. "Hili limekomaa." Akavuta karatasi ya majina.

Mie nilikuwa natazama pembeni ya mkono. Sahani nayo ilikuwa na mistari ileile, bluu na njano, upande uleule. Chuma hakina kolajeni.

Nikajua papo hapo. Utando mpya unakuja na nailoni juu yake ya kuukinga, na nailoni hiyo nayo inaugeuza mwanga, inatoa rangi. Kazini naibanduaga bila hata kufikiri. Asubuhi ile sikuibandua. Tulichokuwa tunakisifia kilikuwa nailoni.

Dokta aliandika jina la kwanza la mdogo wangu. Mwenyewe alikuwa anaitazama kalamu, ameuma mdomo wa chini ili asicheke. Dokta alipofika kwenye jina la baba, nikasema, "Dokta, samahani. Hiyo picha mbovu."

Nilikitoa kipande kwenye kamera, nikaibandua nailoni kwa kucha mbele yao, nikakirudisha. Sahani ikawa nyeusi kabisa. Kovu likabaki na vumbi vumbi la mwanga, nyuzi fupi fupi zinazoelekea kila upande.

"Kama nywele za mtu ametoka kulala," mdogo wangu alisema.

Dokta aliibonyeza ile sehemu ngumu ya kovu, akaitazama ikiwa nyeupe, kisha ikirudi nyekundu. "Bado changa," akasema, akalikata jina kwa mstari mmoja, na la baba humohumo.

Nje, mdogo wangu alitembea mbele yangu mpaka getini.

"Kaka, si ungenyamaza tu?"

"Ungekatwa, halafu vingerudi kujikunja."

"Labda visingerudi."

Dokta alisema picha nyingine mwakani, lakini wale madaktari hakuna aliyetuambia kama watarudi.

Jioni ile alimsuka mtoto wa jirani kibarazani. Alipofika karibu na sikio mistari ikalegea, akaifumua, akaanza tena, ikalegea tena. Nilikuwa pembeni na simu ya mtu mkononi. Bila kugeuka akasema, "Vidole viwili, kaka. Sijasamehe."

"Najua," nikamwambia.

Akafumua mara ya tatu.